Visigino vya Kijani

Mama mkwe wangu alikuwa anafuma soksi hata usingizini. Siku moja alisinzia kitini na sindano mkononi, na alipozinduka soksi ilikuwa imeshatoka mlangoni, imeteremka ngazi yote, na ncha yake imefika kwa mwoka mikate, ambako watoto walikuwa wanaichungulia wajue ndani mna nini. Mkitaka msiamini, shauri yenu. Mwoka mikate mwenyewe ndiye aliyeniambia, na yule bwana alikuwa mkali kama tanuri lake, si wa kupoteza maneno kwa utani.

Mtaa mzima ulimwita Mama Visigino. Soksi, wajukuu zangu, huanza kufa kisiginoni. Wafumaji wengine wakifika hapo huwa wamechoka, wanapindisha haraka haraka wakimbilie vidole. Yeye akifika kisiginoni ndipo anapokaa vizuri. Alitia uzi wa pili juu ya ule wa kwanza, wa rangi yoyote iliyobaki kapuni, akaukaza mpaka kisigino kikawa kigumu kama ngozi ya ngoma. Watu walisema soksi yake ungeweza kuitekea maji. Huo ni uongo, maji yalipenya. Maziwa ndiyo hayakupenya.

Marehemu mumewe alikuwa mchochea makaa kwenye boti ya uokoaji, boti fupi, nene, iliyokaa gatini kama kuku aliyelalia mayai. Alitoka nayo katika kila dhoruba, kisha akaja kufa kitandani kwa homa, na mama mkwe hakumsamehe. "Bahari nzima ilimshindwa," alikuwa akisema, "halafu akashindwa na shuka!" Alimwachia mtoto mmoja wa kiume, vyumba viwili juu ya duka la kamba, na kazi ya kutunza chumba cha moto.

Chumba cha moto kilikuwa mwisho wa gati. Mabenchi yamezunguka ukuta, katikati jiko la chuma, juu ya jiko kamba za kukaushia nguo, na vikombe vya bati vimening'inia kwenye misumari. Birika lilikuwa kubwa kiasi kwamba paka wa kituo alizalia ndani yake mara mbili, na mpini wake ulifungwa kitambaa ili usiunguze. Kulikuwa na kabati la soksi, zote za mkono wake. Chumba kizima kilinuka sufu mbichi na chai.

Na kilikuwa na sheria yake. Mtu yeyote aliyeletwa na boti kutoka majini alivuliwa nguo zilizolowa, akapewa blanketi, akavishwa soksi kavu, akapewa chai ya moto yenye sukari nyingi. Na mtu huyo haulizwi kitu. Haulizwi jina, wala kwao, wala meli yake, wala nani alikosea usukani, mpaka kikombe chake kiwe tupu. Eti zamani karani mmoja wa bandari, mwenye haraka zake, alimwinamia mtu aliyetoka kuokolewa akamwuliza, "Wewe ni nani, na umetoka wapi?" Yule maskini akadhani ameshafika ahera na anahojiwa, akakata roho palepale kwa woga. Tangu siku hiyo chai ikawa inatangulia. Karani je? Karani alihamishiwa kwenye mizigo. Mizigo haifi ukiiuliza.

Mimi niliingia katika hadithi hii kwa kuolewa na mwanawe. Mume wangu alikuwa na vituko vitatu. Mguu wake wa kulia ulikuwa mkubwa kuliko wa kushoto. Alitembea kwa visigino, pu, pu, pu, kifua mbele, kama anayeponda karanga, hata mwenye duka la kamba chini yetu alivaa kofia akiwa ndani kwa sababu ya chokaa iliyomdondokea kutoka darini. Na alipuliza chai. Chai ya moto alipuliza, ya vuguvugu alipuliza, na ile iliyolala tangu jana alipuliza pia, mashavu yamemvimba kama mpiga tarumbeta.

"Unaipuliza imekukosea nini?" mama yake alikuwa akimwuliza.

"Naitisha, Mama. Isije ikaniunguza kwa ghafla."

Wiki niliyohamia kwao, mama mkwe alilichukua sweta langu la kijani, sweta nililofumiwa na bibi yangu nikiwa msichana, akalifumua lote ila ukosi, bila kunitaarifu. Nililia mpaka pua ikafura.

"Bibi harusi," akaniambia, maana aliniita hivyo mpaka nilipopata wajukuu, "lilikuwa halikutoshi hata mkono. Sasa litakwenda baharini."

Uzi ule wa kijani akautia kwenye visigino vya soksi za mume wangu, soksi moja kubwa, moja ndogo, kwa miguu yake isiyolingana. Vita vilikuwa vimeanza, na mume wangu alikuwa anaondoka na meli ya kubeba vyakula vya askari. Akaondoka nazo miguuni. Tulimsikia pu, pu, pu gati zima mpaka akapanda meli.

Meli ile ilizamishwa. Aliyeizamisha alijulikana, manowari moja ya maadui iliyokuwa ikizungukazunguka maji yale, mpaka watoto wa mtaani wakaichora ukutani kwa mkaa ili waipige mawe. Tulipokwenda ofisini kuuliza habari za mwenzetu, wakatuambia hayumo kati ya waliokufa wala kati ya waliopona. "Hajulikani alipo," wakasema, kama vile ni mwavuli uliosahauliwa mahali.

Mama mkwe akarudi nyumbani, akakaa, akaanza soksi nyingine. Kubwa moja, ndogo moja. Hakulia mbele yangu, na mimi nilikwenda kulia kwenye duka la kamba, ambako kuna vumbi la katani na kila mtu macho yake ni mekundu. Usiku hatukulitaja jina lake. Tulisikilizana tu tukigeuka vitandani. Kumlilia hatukuweza, kumngojea kulituchosha.

Basi ikafika siku manowari ile nayo ikapata ya kuipata. Ilipasuka asubuhi, mbali kidogo na mlango wa bandari, na boti ya uokoaji ikatoka kama kawaida. Mchana ikarudi imejaa. Watu walikuwa wamejipanga gatini, na hawakuja kupokea mtu. Mwoka mikate alikuwa mbele, na kikapu cha mikate ya zamani iliyokauka kama mawe. Mdogo wake alikuwa kwenye meli moja na mume wangu.

"Warudishe ulikowatoa!" akamfokea nahodha wa boti.

Nahodha, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, akafunga kamba yake taratibu. "Mimi hata dagaa sijawahi kumrudisha majini," akasema. "Nitaanza leo na mtu mzima? Hebu nipishe, mgongo unaniuma."

Akaja mpaka mlangoni kwetu, akavua kofia. "Mama Visigino, nimekuletea watu. Lakini leo ni wao."

"Wao kina nani?"

"Walewale. Wa ile manowari."

Nilimwona mama mkwe akishika ukingo wa kabati. Akavuta pumzi. "Wanatetemeka?"

"Wanatetemeka sana."

"Basi walete ndani, wewe unawasimamisha kwenye upepo kwa sababu gani?"

Mwoka mikate akapenyeza kichwa. "Dada, utawachemshia chai hawa? Hawa waliomzamisha mwanao?"

"Sijui mwanangu yuko wapi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama anazungumza na uzi. "Lakini popote alipo, namwombea amkute mwanamke kichaa kama mimi, mwenye birika. Sasa ingia au toka, moto unapotea."

Mwoka mikate hakuingia wala hakutoka. Akabaki kizingitini na kikapu chake.

Wakaingia. Sijui nilitegemea nini, pengine pembe. Walikuwa watu wenye midomo ya buluu na mafuta ya meli kwenye nywele, wanatembea kwa miguu isiyohisi chini. Kazi yangu ilikuwa miguu. Nilipiga magoti nikawa navua soksi na kukamua, benchi zima, bila kutazama sura, maana nilikuwa nimeapa sitawatazama. Nikafika kwa mmoja mwenye masikio makubwa ajabu, yangeweza kumpeleka nchi kavu bila boti kama upepo ungekuwa mzuri. Hakuwa na viatu. Nikavuta soksi ya kulia. Ikaja kirahisi, ilikuwa imempwaya. Nikavuta ya kushoto. Ikagoma, ilikuwa inambana. Nikaigeuza nikamue.

Kisigino kilikuwa cha kijani.

Ule ulikuwa uzi wa sweta langu. Ningeujua hata gizani, hata kwa pua. Nikabaki nimepiga magoti, soksi mkononi, maji yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Soksi za mume wangu zilikuwa zimefikaje kwenye miguu ya huyu? Ama alimpa kwa mkono wake, na basi alikuwa hai baada ya meli kuzama. Ama huyu mwenye masikio alimvua alipokuwa hawezi tena kukataa.

Nikampelekea mama mkwe. Akaingiza kidole ndani ya kisigino, akapapasa ule ufumaji wake wa uzi mara mbili. Nikafungua mdomo nimgeukie yule mtu, nimwulize kwa kelele, nimkamate shingo.

"Bado," akasema mama mkwe.

"Mama!"

"Hajanywa."

Akazitundika soksi juu ya jiko pamoja na nyingine. Kila tone lililoanguka kwenye chuma lilisema tsss, tsss, na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo ndani ya kifua.

Sasa mtaniambia nilikosea. Nilichukua kikombe, nikamtilia yule Masikio chai nusu tu, nikaichanganya na maji ya baridi, ili aimalize kwa mafunda mawili nami nipate kuuliza. Mama mkwe aliniona. Yule mama alikuwa na jicho la tatu, lilikuwa kisogoni, chini ya kilemba. Akakichukua kikombe mkononi mwangu, akaimwaga chai nje ya dirisha, akajaza nyingine ya kuchemka mpaka ukingoni, akatia sukari kijiko juu ya kijiko.

"Hiki ndicho kikombe ninachotaka mwanangu apewe," akasema. "Wewe unataka apewe kile chako?"



Wenzake wote walikunywa kama ng'ombe. Yeye, Mungu wangu, alikuwa mtu wa kufurahia vitu! Kwanza alikikumbatia kikombe. Kisha akakiweka kwenye shavu moja, akakiweka kwenye shavu la pili, akakiweka na kwenye yale masikio, moja moja, na kwa ukubwa wake hiyo ilikuwa safari. Kisha akanusa. Kisha akanywa kidogo, akafumba macho. Mimi nimesimama mbele yake na birika kama mshitaki.

Kikombe kilipofika nusu, akasinzia.

"Mama, amelala!"

"Naona."

"Niimalizie mimi? Kikombe kitakuwa tupu."

"Kikombe ni chake."

Akalala ameegemea ukuta, chai imetulia mkononi, wala haikumwagika tone. Mwoka mikate pale mlangoni alikuwa amesikia kila kitu, na sasa alikuwa anakitazama kile kikombe kwa hamu kuliko mimi. Soksi ziliacha kudondoka. Paka akaja akamlalia miguuni, msaliti mkubwa. Mpaka Masikio akashtuka, akatutazama, akainua kikombe akakimaliza. Nikaruka mbele. Yeye akatia kidole, akakomba sukari chini, akakilamba. Halafu, huku anaona haya, akakinyosha kikombe kwa mama mkwe. Alikuwa anaomba kingine.

Nilidhani sasa ndiyo basi. Hata malaika angekasirika. Lakini mama mkwe akainua birika, akammiminia. Na mdomo wa birika ukawa unagonga ukingo wa kikombe, ta-ta-ta-ta-ta, na hapo ndipo nilipoutazama mkono wake. Ulikuwa unatetemeka kuliko wa mtu yeyote aliyetoka majini siku ile. Nikauweka mkono wangu juu ya wake, tukamimina pamoja.

Cha pili alikinywa haraka, huenda naye alisikia ile ta-ta-ta. Akakipindua kutuonyesha. Kitupu.

Mama mkwe akateremsha soksi, akazishika mbele yake. Hatukujua neno hata moja la lugha yake, wala yeye la kwetu. Akaonyesha kisigino. Akajionyesha yeye mwenyewe, akafanya mikono kama anafuma. Masikio akadhani anadaiwa malipo ya chai. Akazisukuma kwake kwa mikono miwili, chukua, chukua. Mama mkwe akatikisa kichwa, akaziweka soksi shavuni, akafanya mikono kama anayebeba mtoto mchanga.

Hapo yule mtu akatoa macho. Akaitazama soksi kubwa, akaitazama ndogo. Akasimama, blanketi limemwangukia mabegani, akatoa kifua mbele, na akaanza kutembea kukizunguka chumba.

Pu, pu, pu!

Kwa visigino. Vikombe vikalia misumarini. Nakwambieni, kama ningefumba macho ningesema mume wangu ameingia. Kisha akachukua kikombe kitupu, akavimbisha mashavu, akapuliza. Akapuliza, akapuliza, akanywa kidogo, akapuliza tena.

Mama mkwe akakaa chini kwenye sakafu. Hakuanguka, alikaa, kama mtu aliyefika nyumbani.

Maiti hatembei, wajukuu zangu, wala hapulizi chai. Mtu huyu alimwona mume wangu akifanya hayo juu ya manowari yao, baada ya meli yetu kuzama. Kwa hiyo walimvua majini. Kwa hiyo nao walikuwa na birika.

Halafu moyo wangu ukadondoka tena. Nikamshika blanketi. Nikaonyesha baharini, nikaonyesha chini, chini kabisa. Manowari yenu si imezama? Na yeye alikuwa ndani?

Akatikisa kichwa mpaka masikio yakapepea. Akapanda juu ya benchi, akalipigapiga kwa mkono, hii ndiyo meli. Akafanya ule mwendo wa visigino juu ya benchi, akateremka chini, pu, pu, pu mpaka kwenye ukuta wa mbali, akaupiga ukuta kwa kiganja. Nchi kavu. Akakaa pale, akapunga mkono. Kisha akarudi yeye mwenyewe juu ya benchi, akageuka, akampungia yule asiyekuwepo. Akaonyesha miguu yake mitupu, akafanya kama anavua viatu na kumpa mtu. Naye mtu yule, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine duniani, akainama akavua soksi.

Ndipo mwoka mikate akaingia ndani. Akasimama mbele ya benchi, akainua mkono kuonyesha urefu wa mdogo wake, akachora kwa kidole kovu la shavuni. Masikio alimtazama muda mrefu. Alifikiri kweli, nilimwona akifikiri, akitaka kukumbuka. Kisha akatikisa kichwa, polepole.

Mwoka mikate akaitikia kwa kichwa. Akakiweka kile kikapu kwenye benchi, akatoka. Ile mikate aliyokuja nayo kuwapiga, waliichovya kwenye chai ikalainika.

Jioni haijafika, wakaja askari wetu na lori kuwachukua mateka. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake, soksi ndogo ya kisigino cha kijani amekwisha kuifumua nusu, mguu wa Masikio umelazwa mapajani mwake anaupima.

"Tunaondoka, mama," akasema mkubwa wa askari.

"Nendeni. Huyu ana mguu mmoja hapa."

"Ni mateka, huyu."

"Ni mgeni wangu mpaka nifunge kisigino. Mwanangu amempa soksi, na inambana. Unataka waseme huko kwao kwamba sisi tunatoa zawadi zinazobana? Hebu shika huu uzi, usiuache utatane."

Akamtupia bonge la uzi. Mkubwa wa askari akaweka bunduki ukutani akalishika, akawa anauachia uzi kidogo kidogo, na dereva wa lori akiita nje anajibiwa, "Ngoja kwanza, tumefika kisiginoni!" Hilo sikuliongezea chumvi. Uzi ulipopungua, mama mkwe akanitazama bila kusema, nami nikaenda kwenye kapu nikatoa ukosi wa lile sweta, ambao nilikuwa nimeuficha kwa ajili ya ukumbusho. Ukaingia wote.

Akamvisha mwenyewe, ya kulia, ya kushoto. Akampiga kofi dogo la mguuni, kama alivyokuwa akimpiga mwanawe. Masikio akapanda lori. Nilimwona akiinua miguu yake ili isiguse maji yaliyotuama humo.

Vita vilikwisha, kama mvua inavyokwisha, huku bado kunadondoka. Siku moja nilikuwa namenya viazi nikasikia ngazi. Pu, pu, pu, lakini nzito, ya viatu vikubwa visivyo vyake. Mwenye duka la kamba alipiga kelele chini, "Kofia yangu! Leteni kofia yangu!" na alikuwa analia.

Akaingia. Mwembamba, nywele zimepungua, ndani ya viatu vya manowari, vile vya Masikio, vinavyotosha watu wawili. Nilidondosha kisu. Nilikuwa na maswali ya vita vizima. Umekula nini, umelala wapi, ulinikumbuka? Nikafungua mdomo.

Mama mkwe alinyanyua sindano moja ya kufumia, akainyosha kati yetu.

"Bado," akasema. "Hajanywa."

Akamkalisha. Akamvua vile viatu, akamvisha soksi mpya, kubwa kulia, ndogo kushoto, alizokuwa amezifuma tangu siku ile ya ofisini. Akampa kikombe kimejaa mpaka ukingoni. Sisi wawili tukakaa mbele yake, bega kwa bega, mikono mapajani, tunangoja.

Naye akavimbisha mashavu, akaanza kupuliza.